Naombeni ushauri: bia yangu chachu ya kahawa inanuka pilipili hoho

Habari zenu wakuu. Nipo Ghent, Ubelgiji, jirani na Oudenaarde, mji unaosifika kwa bia chachu ya kahawia, oud bruin. Napika ya kwangu nyumbani, na safari hii nimetia kahawa ya Arabika kutoka Kilimanjaro.

Kabla ya kahawa bia ilikuwa nzuri sana: uchachu wa wastani, utamu wa kimea kama zabibu kavu. Nikatia buni nzima zilizokaangwa kiasi, gramu 15 kwa lita, zikalala humo saa 48 kwenye ubaridi. Sasa ukiinusa unapata kahawa kwanza, halafu pilipili hoho mbichi. Mdomoni uchachu na uchungu vinagombana, koo linakauka. Nimeichanganya na bia isiyo na kahawa. Ukali umepungua, ila harufu ya hoho ipo palepale. Na kahawa hiyohiyo nikiinywa kikombeni haina shida yoyote, ndiyo maana nimekwama.

Harufu hiyo inatokana na ukaangaji, au na muda buni zilivyokaa ndani? Na nikitumia kahawa iliyolowekwa kwenye maji baridi, uchachu na uchungu vitapatana? Nina lita 10 bado sijazigusa, sitaki ziharibike.