Mbwa wa pili kutoka Dubai: mliopitia haya, tupeane uzoefu

DadaBamburi
Habari zenu wana Mombasa. Naomba waliopitia jambo hili waniambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

Nina mbwa mmoja, Kito, koko wa hapa hapa. Tulimwokota Kongowea akiwa mdogo wa kukaa kiganjani. Sasa ni dume mtu mzima, mdomo umeanza mvi. Mdogo wangu anafanya kazi Dubai na siku zake za mapumziko huenda kusaidia kituo kimoja cha kuokoa mbwa. Kule mkataba wa mgeni ukiisha anarudi kwao, mbwa anabaki. Mwingine anafungwa usiku kwenye geti la kliniki, mwingine anashushwa jangwani. Kuna jike mmoja pale, mchanganyiko wa saluki, mwembamba, miguu mirefu. Kila nikitumiwa video yake usingizi unapaa. Kituo kimejaa, wanatafuta watu wa nje wa kumchukua, na nauli wako tayari kuchangia.

Ua tunao, ukuta upo, mume wangu amekubali shingo upande. Ninayemhofia ni Kito, amezoea kuwa peke yake. Atampokea? Na nyinyi mlioleta mbwa kutoka nje, mlipata mlichoahidiwa?

Nahodha_Likoni
Nafuatilia. Shemeji yangu wa Doha ananisukuma hivi hivi.

MwanaKisauni
Dada, mimi sikuelewi. Pita jaa la Mwakirunge alfajiri uone mbwa walivyo. Wana njaa, wana upele, na mtu akiudhika nao anawawekea sumu. Pesa ya kumpandisha ndege mbwa mmoja ingewachanja na kuwahasi koko wa mtaa mzima. Kumruka wa mlangoni ukamfuata wa ng'ambo si haki.

DadaBamburi
Kaka, Kito katoka Kongowea. Wa hapa sijawaruka.

MwanaKisauni
Basi na wa pili atoke Kongowea.

Bi_Tudor
Mwacheni mwenzenu. Huruma haina mpaka wa nchi. Huyo jike naye ana roho.

MvitaLeeds
Mimi ni mtoto wa Majengo ila naishi Leeds, na huku Uingereza kuchukua mbwa wa Romania ni jambo la kawaida kabisa. Tulikuwa na mmoja, tukamchukua wa pili kwa kuona picha tu na kavideo kafupi anacheza na wenzake. Tuliandikiwa: mpole, anapenda watoto, anaelewana na mbwa wote. Akaletwa kwa gari, safari ya siku kadhaa kutoka Romania, yumo kizimbani. Tulipomfungulia sebuleni alijibana nyuma ya kochi na hakutoka, mpaka mkojo ukamtoka hapo hapo alipo. Maisha yake yote hakuwahi kukaa ndani ya nyumba. Mashine ya kufulia ikianza kuzunguka, anatetemeka. Ilikuwa unamsukumia bakuli huku umegeuza uso, maana ukimtazama machoni hali.

Aliyemtoa kule nyuma ni mbwa wetu wa kwanza. Mgeni alikuwa anamwangalia mwenzake anavyopanda ngazi, anavyopita mlangoni, naye anafuata nyuma taratibu. Kwa hiyo dada, Kito akiwa mtulivu atakusaidia kazi kubwa. Akiwa mwoga, utakuwa na waoga wawili.

Halafu kamba. Mvalishe mkanda wa shingo na wa kifua, kila mkanda na kamba yake. Mbwa hawa huchomoa shingo siku ya kwanza wakapotea, na matangazo ya waliopotea hivyo nayaona kila mara.

Na vipimo. Kuna ugonjwa wa bakteria waitwao Brucella canis ambao huku Uingereza umehusishwa sana na mbwa walioletwa kutoka nje, hasa Romania. Jike akizaa au akitoa mimba, majimaji yake yanaambukiza mbwa wenzake na hata binadamu, na hata akitibiwa huwezi kuwa na hakika umemtoka. Huyo wa Dubai mpimeni kabla hajapanda ndege. Akishafika kwa Kito mmechelewa.

SomoKibokoni
Na majirani mmewauliza? Sisi Mashafii mbwa akikulamba ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mmoja wa ulinzi tunaelewa. Wawili wakianza kubweka pamoja kila anayepita kwenda msikitini, hilo ni jambo jengine.

Bi_Tudor
Na yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa dhambi? Hiyo nayo ni hadithi sahihi.

SomoKibokoni
Naijua na naiamini. Kumpa maji na kumlaza sebuleni ni mambo mawili mbalimbali.

Bi_Tudor
Nani kasema sebuleni? Kasema ua.

Nahodha_Likoni
Jamani, turudi kwenye mada.

MamaMikindani
Nilikuwa nimeapa hili sitaliandika popote. Nimesoma mpaka hapa nikashindwa.

Mume wangu ni baharia. Huko Ghuba alijuana na watu wa kituo cha mbwa, huruma ikamshika. Nyumbani tulikuwa na Popo, jike wetu mzee, mlinzi. Aliyekuja naye ni jike, mkubwa, manyoya mazito ya nchi za baridi. Alifika Februari. Mnaijua Februari ya Mombasa, ile kaskazi ikikata na jani halitikisiki. Alichimba shimo chini ya mfereji akalala kwenye tope kutwa, ulimi nje.

Mwanzoni hawakugombana. Wanapishana, wananusana, kila mmoja na pembe yake. Jioni moja stima zimepotea, nimewapikia sima na mapupu, natoka na sufuria moja. Hata sijaiweka chini. Popo alikaza mwili, mgeni akainua mdomo, na baada ya hapo sikuona mbwa tena, niliona vumbi na manyoya, na mlio ambao sijausikia kabla wala tangu siku ile. Popo kashikwa shingo. Mwanangu anakuja mbio anamwita Popo, Popo. Nikaingiza mkono. Mtu akiona mbwa wake anauawa, hafikiri. Jino liliingia hapa kwenye nyama ya kidole gumba likatokea upande wa pili. Jirani, Mungu ambariki, alikuja na ndoo ya maji akawamwagia, ndipo wakaachana.

Jirani huyo huyo akaniosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, anatazama saa ya simu huku mimi nalia. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda, chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna. Ya pili wakaniambia nikanunue duka la dawa nje. Daktari akaniuliza, mbwa amechanjwa? Nikasema ndiyo, cheti ninacho.

Kesho yake akaja daktari wa mifugo na kile kidude cha kusomea chipu, ile yenye namba inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa. Akakipitisha shingoni, kikalia. Yeye anasoma namba, mimi nafuata kwa kidole kwenye cheti. Tarakimu 15. Zile za mwanzo zilifanana, mimi naitikia ndiyo, ndiyo, halafu zikaachana. Akarudia. Zikaachana pale pale. Cheti nilichokuwa nimekiweka kwenye faili pamoja na vyeti vya watoto wangu kilikuwa cha mbwa mwengine kabisa. Kote alikopita waliangalia makaratasi, hakuna aliyempitishia kidude. Tuliwaandikia wale wa kituo, wakajibu kwamba watafuatilia, kisha kimya mpaka leo.

Nilichomwa zote, siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, na ile kinga inayodungwa ndani ya jeraha lenyewe. Mbwa alifungiwa siku 10 akiangaliwa. Kila asubuhi, kabla sijatia chai motoni, nachungulia bandani kuona kama anakunywa maji.

PwaniBoy
Mama, usituache hapo. Popo alipona?

Nahodha_Likoni
Subhanallah. Na yule mgeni je?

Mtwapa_Mjini
Nimesoma nimesimama.

MamaMikindani
Popo alishonwa, akapona, sikio moja ndilo limelala. Mgeni alimaliza siku 10 mzima, akachanjwa upya, akaenda kwa familia moja Limuru kwenye baridi yake. Tulimsafirisha usiku ili jua la Voi na Mtito lisimkute ndani ya gari. Nililia alipoondoka. Yule mbwa hakuwa na kosa lolote. Walimtoa alikozoea, wakampa jina la mbwa mwengine, wakamleta kwenye joto.

MwanaKisauni
Pole sana mama. Sasa mnaona ninachosema?

MvitaLeeds
Hilo halithibitishi usemalo. Hata koko wawili wa Kisauni wakiwekewa sufuria moja watashikana.

MwanaKisauni
Koko wa Kisauni simngojei uwanja wa ndege na cheti cha mwenzake.

DaktariMifugo_Kisiwani
Ni kazi yangu hii, niruhusuni niseme kidogo.

MamaMikindani, kuosha kule papo hapo ndiyo hatua ya kwanza ya kuokoa maisha. Wengi huja kwetu wamepaka kitunguu saumu na mafuta ya taa, wamepoteza siku. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, na karibu binadamu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliambukizwa na mbwa. Kenya ina lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na njia yake ni kuchanja angalau 70% ya mbwa. Kwa hiyo MwanaKisauni ana hoja kuhusu koko wetu, isipokuwa haimzuii huyu dada.

DadaBamburi, kibali cha kumwingiza mbwa unakiomba Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete, kabla hajaondoka alipo. Awe na cheti cha afya cha serikali ya kule na cha chanjo ya kichaa. Chipu iwekwe kwanza, chanjo ifuate, na namba iandikwe kwenye cheti. Mbwa aliyechanjwa juzi na kupandishwa ndege leo hajakupa uhakika, maana virusi huweza kukaa kimya mwilini miezi miwili, mitatu, hata zaidi.

Saluki ni mbwa wa jangwani, joto kavu analiweza. Letu lina unyevu, limpe kazi kidogo. Kikubwa kwake ni kwamba huwinda kwa macho. Kitu kikikimbia, naye keshaondoka. Paka wa mtaa wako, kuku wa jirani, wote uwafikirie, na ukuta mfupi usiutegemee. Kupe wa Pwani hawana msimu, na mbu wetu hubeba minyoo ya moyo, kwa hiyo dawa za kinga ni za mwaka mzima kwake na kwa Kito.

PwaniBoy
Kwa kawaida dume na jike hawana shida. Majike wawili ndiyo vita, kama ilivyomkuta mama.

Bi_Tudor
Si lazima. Ninao majike wawili wanalala mgongo kwa mgongo. Dume na jike bila kufungwa kizazi ndiyo shida, utagawa watoto mpaka majirani wakukimbie.

Mtwapa_Mjini
Mfunge Kito mnyororo wiki ya kwanza, mgeni azunguke huru aujue ua.

MvitaLeeds
Hapana! Umfunge mwenye nyumba, mgeni atembee mbele yake? Hapo ndipo chuki inapoanza.

Nahodha_Likoni
Marehemu baba alikuwa anawapaka wote wawili mafuta ya nazi wanuke mamoja. Sijui kama ndiyo yaliyosaidia, lakini hatukuwahi kuona ugomvi.

DaktariMifugo_Kisiwani
Mafuta ya nazi hayadhuru. Mnyororo hapana. Wakutane nje ya ua, mahali pasipo pa yeyote, kila mmoja ameshikwa na mtu wake, watembee upande mmoja kwa mbali, kisha umbali upungue. Wakiingia nyumbani waingie pamoja. Chakula mbali kabisa, ikiwezekana mlango uwe katikati. Na msimpime kwa siku tatu za mwanzo. Mbwa mgeni huwa kimya kwa woga, tabia yake utaijua baada ya wiki kadhaa. Utulivu wa mwanzo ule wa Mikindani ndio huo.

MamaMikindani
Laiti ningeambiwa hivyo mapema. Nilijua ndiyo wameshazoeana.

SomoKibokoni
Dada wa Bamburi, neno langu la mwisho. Mwambie jirani kabla mbwa hajafika, na umwoneshe banda litakaa upande gani. Mtu akiambiwa mapema hukubali mengi. Wangu hakuniambia.

DadaBamburi
Nimewasoma wote, wengine mara mbili mbili. MamaMikindani, asante kwa kuvunja kiapo chako.

Nimempigia mdogo wangu sasa hivi. Kesho ataomba kidude pale kituoni, arekodi kikipita shingoni bila kukata, kisha aoneshe cheti kwenye video hiyo hiyo. Namba ikiachana hata tarakimu moja, mazungumzo yanasimama. Kipimo cha damu nimekiulizia pia, nitakilipia mimi. Na kwa vyovyote hatafika kabla ya mvua za Aprili.

Lakini la kwanza ni Kito. Rafiki yangu wa Shanzu ana jike mtulivu aliyechanjwa. Jumamosi tutawakutanisha ufukweni asubuhi na mapema, maji yakiwa yametoka, kama daktari alivyoeleza, na tutarudia mara kadhaa. Kito akimkataa kila mara, simleti yule wa Dubai. Nitachangia chakula chake huko huko mpaka apate nyumba isiyo na mbwa mwingine. Kito ndiye mwenye nyumba, na uzee wake nataka aumalize kwa raha.

MwanaKisauni
Na akimkubali?

DadaBamburi
Naandika Kabete wiki hiyo hiyo. Nawe nakuomba unielekeze kwa wanaochanja koko huko kwenu, nataka kuchangia pia.

MwanaKisauni
Nakutumia ujumbe faragha. Kwa hilo asante.

PwaniBoy
Akija usihangaike na tuktuk, hawabebi mbwa. Nina pikapu, nitampokea uwanja wa ndege nimlete mpaka Bamburi. Mafuta tu.

Nahodha_Likoni
Dada, Jumamosi saa ngapi? Na mimi nije na wangu nione anavyofanya.

DadaBamburi
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njoo na kamba mbili.