Moshi wa bluu baada ya vidanje (kubadilisha mafuta ya moteri) ya nyumbani: nifungue moteri ao hapana?

Motari wa Ndosho
Jambo wandugu. Niko na TVS HLX 125, moto (pikipiki) ya kazi, inabeba watu kati ya mitaa ya Ndosho na Birere, hapa Goma. Juzi mdogo wangu na mimi tulifanya vidanje hapa nyumbani. Tulitoa mafuta ya zamani, tukamimina mapya mpaka kijiti cha kupimia kikaonyesha alama ya juu, moto ikiwa imeegamia mguu wa pembeni. Tukaosha sifongo ya filtri ya hewa na esanse (petroli), tukaipaka mafuta, tukairudisha. Mbele ya hapo haikuwa inatoa moshi hata kidogo.

Sasa nikiiwasha inatoa moshi wa bluu, na nikiongeza gaz unazidi. Harufu ni ya mafuta yanayoungua, si ya esanse. Ralanti (mwendo wa moteri bila gaz) haitulii. Buji (plagi ya cheche) nimeitoa: nyeusi, tena imelowa. Fundi mmoja wa garaji aliisikiliza tu bila kugusa kitu, akasema segma (pete za pistoni) zimekwisha, ninunue pistoni mpya na silinda ichongwe. Feza anayoomba ni chakula cha nyumba cha mwezi mzima. Naomba mtu anayejua anishauri kabla sijamkubalia.

Fundi Mzee, Katindo
Kijana wangu, usifungue moteri. Segma haziishi kwa usiku mmoja. Zinakwisha polepole, na mwenye moto anaona kwanza mafuta yakipungua, kisha nguvu ikipungua kwenye mlima, kisha moshi. Yako ilikuwa safi mpaka siku mlipoigusa, kwa hiyo tuanze na vile mlivyogusa.

Umesema mlipima ikiwa kwenye mguu wa pembeni. Hapo ndipo ninaposhuku. Moto ikiegamia kushoto, mafuta yanakimbilia kushoto, na kijiti kiko kuume. Kinaonyesha kwamba yamepungua, unaongeza, yanazidi. Na kama mlitoa ya zamani moteri ikiwa baridi, sehemu ilibaki ndani. Yakizidi, vilebrekeni (mhimili unaozungushwa na pistoni) inayapiga mpaka yanatoa povu, na pumzi ya karteri (sanduku la chini la moteri) inayasukuma kwenye ule mpira mdogo unaopanda kwenye sanduku la filtri. Kutoka hapo moteri inayavuta na kuyachoma pamoja na esanse. Hiyo inatoa moshi wa bluu, na inalowesha buji vilevile.

Fanya hivi. Tafuta mahali pa usawa kweli, na ninajua kwetu juu ya mawe ya volkano si rahisi; sakafu ya saruji ya jirani inatosha. Simamisha moto kwa mguu wa katikati. Iwashe dakika chache, izime, ngojea mafuta yashuke. Pangusa kijiti, pima. Angalia kitabu cha moto kama kijiti kinapimwa kikiwa kimekazwa ao kimewekwa tu, maana hazifanani. Kisha fungua sanduku la filtri na uangalie chini: ukikuta mafuta yametuama, jibu umelipata. Punguza kwa kulegeza bulo (bolti) ya chini ya kutolea mafuta, pole, yasikuunguze. Usiyamwage kwenye mawe, yanashuka kwenda kwenye maji tunayokunywa. Mpe seremala, atapaka mbao.

Yaya wa Keshero
Ninaongezea kwa Mzee. Sifongo nayo inaweza kuwa na kosa lake. Ikilowa mafuta sana, hewa haipiti vizuri na mafuta yenyewe yanavutwa. Ioshe na sabuni na maji, ikauke kabisa, tia mafuta kidogo, ikamue kwa mkono mpaka haidondoshi.

Na angalia moshi unatoka wakati gani. Ukiwa unateremka umeachilia gaz, kisha ukifungua tena moshi unaruka, shuku mipira ya supapu (vali), ile inayozuia mafuta. Moto ikivuta mzigo kwenye mlima na moshi hauachi, hapo segma. Mweusi ni esanse nyingi: sitarta (choki) imeachwa wazi, filtri imeziba. Tuko karibu na mita 1,500, hewa ni nyepesi, kwa hiyo karbureta iliyopangwa kwa nchi ya chini inaelekea upande huo. Mweupe wa asubuhi unaopotea haraka ni mvuke tu. HLX haina radiateri, asikuambie mtu kwamba ni maji ya kupoza.

Motari wa Ndosho
Aksanti sana, Mzee, aksanti Yaya. Nilipima kwenye baraza ya kanisa: mafuta yalikuwa juu sana ya alama. Kwenye sanduku la filtri kulikuwa mafuta kabisa. Nimepunguza, nimeosha sifongo, nimesafisha buji. Ralanti imetulia. Lakini moshi kidogo bado unatoka, na huyo fundi anasema ni ushahidi wa segma.

Fundi Mzee, Katindo
Hapana. Bomba la moshi limenyweshwa mafuta ndani, lazima yaungue yaishe. Itembeze mpaka ipate moto vizuri, nenda Sake na kurudi ukiweza, usihukumu kwa dakika tano hapo mlangoni.

Kitu ninachokuomba zaidi ni kingine. Fungua tena sanduku la filtri, angalia kama sifongo imekaa vizuri kwenye kingo zote. Vumbi letu ni mawe ya volkano yaliyosagwa, ni kali kama msasa. Likipata tundu dogo tu linapita moja kwa moja kwenye silinda, na hapo segma zitakwisha kweli. Nimefungua moteri nyingi zilizokufa hivyo, za vijana waliokuwa wanategemea moto kwa kila kitu.

Pima mafuta kila asubuhi, moto ikiwa baridi, mahali pamoja. Yakibaki palepale, endelea na kazi. Yakishuka, tia kijiko kimoja cha mafuta kwenye tundu la buji, piga kiki: ikiwa ngumu kuliko ilivyokuwa, segma ndizo. Ikiwa vilevile, tutatafuta kwenye supapu. Andika hapa utakachoona.