Gumzo la kikundi: Ukoo wa Bibi, Pangani

Shangazi Tanga, 07:12
Jamani, nani kaongea na Bibi tangu juzi? Simu inaita mpaka inakata.

Anko Kigamboni, 07:15
Kashaikalia huyo 😂

Binamu Pangani, 07:21
Ni mzima, yuko hapa uani anapepeta mchele. Simu iko mapajani. Inaita, anaitazama.

Shangazi Tanga, 07:21
Anaitazama??

Binamu Pangani, 07:24
Ilijisasisha usiku. Zamani alibonyeza kijani, basi. Sasa kile kijani lazima ukiburute juu. Yeye anabonyeza weee mpaka mpigaji anachoka. Na vile vitufe vitatu vya chini havipo, kumebaki kimstari. Akiingia WhatsApp hajui pa kutokea, anazima simu nzima.

Anko Kigamboni, 07:26
Ndio uzee huo. Mnunulieni kiswaswadu yaishe.

Mimi, 07:30
Anko shikamoo. Uzee upi? Huyu huyu anayetuma pesa kwa nyota reli gizani bila miwani? Moja, moja, namba, kiasi, siri. Hasomi chochote, vidole vinaijua njia. Njia ndiyo iliyohamishwa.
Na kiswaswadu sawa, kitufe cha 5 kina kale kajinundu, kidole gumba kinakapapasa na kujua kiko wapi. Ila kitamwonyesha kitukuu wake wa Muscat?

Bibi 🎤 0:41, 07:38

Binamu Pangani, 07:40
Nimemshikia mimi kitufe cha sauti. Kwa wasio na bando la kusikiliza, anasema: "Mnaniteta na mie nipo. Sikusahau mie. Mtu akiingia jikoni mwako usiku, chumvi akaitia kwenye kopo la sukari, asubuhi chai ikiharibika mtasema mwenye jiko kazeeka?"

Anko Kigamboni, 07:41
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Tanga, 07:41
Umefuta nini, tumeshasoma 😂😂

Mama Mdogo, 07:49
Kuna na la vidole. Kioo cha simu hizi hakijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, kinapima chaji ya umeme inavyobadilika ngozi ikikigusa. Ngozi ikikauka hakikusikii vizuri, na ya wazee hukauka. Wodini nawaona kila siku, mtu anagandamiza kioo mpaka ukucha unakuwa mweupe, wapi.

Binamu Pangani, 07:53
Halafu kikimsikia, kidole chake kinakawia kutoka. Simu inadhani anataka kuhamisha vitu. Jana alama ya kupigia simu nimeikuta ukurasa wa tatu, katikati ya michezo.

Shangazi Tanga, 07:58
Sikutaka kulisema hili humu. Jumamosi alitaka kumlipa fundi wa bati. Menyu ya pesa hakuipata, akampa simu kijana wa dukani. Na namba ya siri akamtajia, pale pale barazani, watu wanasikia.

Anko Kigamboni, 07:59
Eti?

Shangazi Tanga, 08:00
Hela ilifika salama. Lakini Bibi yetu, ambaye hata marehemu Babu hakuijua namba ile!

Anko Kigamboni, 08:04
Hapo sasa sicheki. Binamu, inarekebishika?

Binamu Pangani, 08:11
Nimeanza. Huku kutelezesha kulikuja na Android 10, mwaka 2019, ila vitufe vitatu hawakuvifuta, wamevificha tu. Kwenye yake nimevikuta Mipangilio, Mfumo, Ishara. Vimerudi. Kwenye Ufikivu nimeongeza muda wa kugusa na kushikilia, kidole kikikawia isihamishe vitu. Herufi nimekuza. Kijani bado ni cha kuburuta, hapo tunafanya mazoezi, nampigia kutoka chumbani.

Mimi, 08:12
Namba ya siri aibadilishe leo. Mwenyewe. Wewe geuka, tazama ukutani.

Binamu Pangani, 08:13
Keshanifukuza tayari, yumo chumbani kajifungia.

Mama Mdogo, 08:15
Na Anko, ukija sikukuu usimguse simu yake "kumrahisishia". Mwaka jana ulimwekea picha ya bahari, namba za saa hazikuonekana mpaka mfungo wa sita unaisha.

Anko Kigamboni, 08:16
Ilikuwa picha nzuri lakini

📞 Simu ya kikundi kutoka kwa Bibi. Haikupokelewa, 08:31

📞 Simu ya kikundi kutoka kwa Bibi. Haikupokelewa, 08:33

Bibi 🎤 0:06, 08:34

Binamu Pangani, 08:35
Hiyo karekodi mwenyewe 🙌🏾 Anauliza mbona hampokei, au na zenu zimebadilishwa usiku?