Naomba ushauri: mashine ya midundo ya 1985 inauzwa 65,000 hapa Kisumu. Ninunue?

BesiYaKondele (Kisumu)
Wadau, hamjambo? Mimi ni prodyuza mdogo, huu ni mwaka wangu wa sita, na kuna jambo linaninyima usingizi.

Kuna mzee anayeishi upande wa Kibos. Zamani alikuwa mpiga kinanda katika bendi ya hoteli, na sasa anauza vyombo vyake. Miongoni mwavyo kuna mashine ya midundo, Roland TR-707. Niliikuta Jumapili juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mama zetu wanavyofunika redio. Anataka 65,000. Mimi nina 80,000 nilizozikusanya kwa miezi kumi na minne ninunue spika za studio, maana moja kati ya nilizo nazo imepasuka.

Kinachonivuta ni hiki. Muziki wa dansi wa elektroniki unaotoka siku hizi haunigusi tena. Juzi nilipiga sherehe Milimani kwa saa nne, na katikati nikashtuka: nyimbo tatu mfululizo zina makofi yale yale. Sisemi zinafanana. Nilifika nyumbani nikazipanga kwenye skrini, moja chini ya nyingine, na mawimbi ya sauti yakalaliana kabisa. Ni faili moja. Kilichoniuma zaidi, wimbo wangu wa mwaka jana nao una makofi hayo hayo.

Mzee anasema mashine yake ni analogi halisi, sauti ambayo kompyuta haina. Nimwamini? Ninunue, au nirudi kwa spika zangu?

FundiWaVinanda (Nakuru)
Kaka, mimi hutengeneza amplifaya na vinanda vya makanisa hapa Nakuru. Nianze na neno la mzee, bila kumvunjia heshima: 707 haina sauti hata moja ya analogi, yaani inayoundwa papo hapo na saketi za umeme. Zote 15 ni sampuli, sauti zilizorekodiwa na kuhifadhiwa ndani ya chipu. Watu huichanganya na kaka zake wakubwa. TR-808 ya mwaka 1980 ndiyo analogi tupu, na TR-909 ya 1983 ni nusu kwa nusu: ngoma zake ni za analogi, matoazi ni sampuli.

Ile 808 ina kisa ambacho sisi mafundi hatuchoki kukisimulia. Roland walinunua transista zenye dosari kwa makusudi, zile ambazo zingetupwa, wakachagua zinazochemka kama mafuta kwenye kikaango. Ule mchemko ni sehemu ya sauti yake. Viwanda vilipoboresha transista, zenye dosari zikakosekana, na mwaka 1983 808 ikaishia hapo, zikiwa zimetengenezwa kama 12,000 hivi. Ndiyo sababu leo 808 nzima inauzwa kwa maelfu ya dola. Bei ya 707 haipaswi kupanda mgongoni mwa jina hilo.

Ukienda kuiangalia, beba hedifoni. Piga kila sauti peke yake, na usogeze kila kitelezi cha sauti taratibu ukisikiliza mkwaruzo. Soma kibandiko cha volti, kwenye mashine au kwenye adapta, kabla ya kuchomeka chochote. Vyombo vya soko la Japani ni vya volti 100, na ukikichomeka kwenye 240 zetu utanusa moshi kabla ya kusikia mdundo. Halafu fungua pale betri zinapokaa, zile za kutunza kumbukumbu. Wengi huziacha humo miaka kumi, zikavuja.

DadaMasafa (Kakamega)
Fundi amesema kweli kuhusu analogi, ila mimi ningeinunua.

Kazi yangu ni kuchanganya na kukamilisha nyimbo za watu. Naletewa biti ishirini kwa wiki na ninajua nyingi zimetengenezwaje: kijana anashusha furushi la sauti lile lile walilo nalo wenzake, anaburuta, anabandika, kisha anakandamiza kila kitu hadi kisiwe na chini wala juu. Nikifungua faili, mawimbi ya sauti yamejaa kama tofali. Ngoma haiwezi kukupiga kifuani kama sauti iliyoitangulia ina nguvu sawa nayo. Nikiwaomba waniletee isiyokandamizwa wanasema wimbo wao utasikika mdogo ukifuatia wa mwingine klabuni. Hofu hiyo naielewa, lakini inaua muziki wa dansi kuliko programu yoyote.

Sasa 707: hatua 16 za kupanga mdundo, sauti 15, kitelezi kwa kila sauti au kundi la sauti. Huna pengine pa kukimbilia. Unakaa na mdundo mmoja nusu saa, kidole kiko kwenye kitelezi cha haihati (yale matoazi mawili ya mguu), unaipunguza kidogo, na ghafla kitu kizima kinatembea. Pia kila sauti au kundi la sauti unaweza kulitoa kwa kebo yake ukalirekodi peke yake. Vijana wa Chicago walitengeneza hausi, ule muziki wa dansi wa elektroniki, nyingi ya mwanzo kwa 707 hiyo hiyo, kwa hiyo usiionee aibu eti si analogi.

MpakaniBusia
Dada, kwa heshima, hao wa Chicago, na wenzao wa Detroit walioanzisha tekno, hawakutafuta vitu vya kale. 808 ilikataliwa na wanamuziki wengi wakubwa kwa sababu haikulia kama ngoma ya kweli. Wakati huo kulikuwa na mashine ya Linn LM-1 yenye ngoma zilizorekodiwa, ikiuzwa karibu dola 5,000. Hivyo 808 zikaishia kwenye maduka ya mitumba, na kijana asiye na kitu akaimudu. Alichukua kilichokuwa rahisi karibu naye. Kilicho rahisi karibu na BesiYaKondele ni kompyuta aliyo nayo.

Tazameni muziki wa singeli wa Dar es Salaam. Inapita midundo 200 kwa dakika, imetengenezwa kwa kompyuta za kawaida, na hakuna anayeweza kusema inafanana na kitu kingine. Kama mtu anataka sauti ya 808, Roland walitoa TR-08 mwaka 2017 na Behringer wakatoa RD-8 mwaka 2019, mpya kabisa. Nunua spika, kaka. Kwa spika iliyopasuka hujui hata unachokirekodi.

MwanaWaSiaya
Omera, mbona hakuna aliyetaja tulicho nacho nyumbani? Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, anapiga nyuzi nane kwa mikono, amevaa oduong'o, pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu anagonga mkono wa ala, na gara, njuga zake, zinalia mguuni. Mtu mmoja, midundo mitatu. Rekodi oduong'o ikigonga mti, kavu, bila mwangwi, uiweke mahali pa yale makofi. Hiyo hakuna mtu Berlin atakayekuwa nayo. Au ngoma ya ohangla, ya ngozi ya kenge, mlio wake ni mkali kuliko ngoma yoyote ya snea.

BesiYaKondele
Asanteni sana nyote. Nimerudi Kibos jana na hedifoni na orodha ya Fundi.

Kibandiko kinasema 240, nikapumua. Sauti 13 zinalia safi. Tari na ngoma moja ya tomu ziko kimya. Betri zilikuwa zimevuja kweli, springi zimeota kutu ya kijani. Nilimweleza mzee kuhusu analogi kwa upole, akacheka, akasema aliyemuuzia mwaka 1991 ndiye aliyemwambia hivyo na yeye hakuwahi kuuliza.

Kisha akaketi. Vidole vinatetemeka kidogo lakini havikukosea kitufe. Alipanga mdundo wa benga bila kutazama, akauyumbisha hatua za katikati, akawa anashusha na kupandisha kitelezi cha matoazi kwa kidole cha mwisho wimbo ukiendelea. Dakika ishirini, mdundo mmoja, na sikuchoka. Nilirekodi yote kwa simu.

Tumekubaliana 35,000, nalipa kwa awamu mbili, na Jumamosi ananifundisha zaidi. Zinazobaki natafuta spika za mkono wa pili. Mwenye jozi nzuri Kisumu au Kakamega aniambie. Na MwanaWaSiaya, nakutafuta faragha kuhusu huyo mpiga nyatiti.

FundiWaVinanda (Nakuru)
Hiyo bei ni ya haki. Usiiwashe tena kabla hujasafisha hizo springi: pamba na siki kidogo, ngoja ikauke, kisha spiriti. Tomu na tari huenda ni chipu imelegea kwenye soketi yake. Niletee, tutaifungua pamoja.