Mhadhiri ametolewa eti kazeeka, na ukumbi wenyewe hauna maiki!

Jamani, nimekasirika na naomba mtu asiniambie nitulie.

Twasoma chuo kimoja hapa Mombasa, jina sitaji. Mwaka jana takwimu tulifundishwa na mzee wa miaka 66, yuko kwa kandarasi baada ya kustaafu. Kandarasi haikuongezwa. Mwakilishi wetu alipouliza, akajibiwa kwamba utendakazi umeshuka "kwa sababu ya umri", na akaonyeshwa zile fomu za tathmini tulizojaza sisi wenyewe.

Mzee huyo anakaa Likoni. Darasa la saa moja asubuhi, yeye keshavuka feri, keshapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, anatungoja. Tuko 180 kwenye ukumbi wa watu 90. Mapangaboi yanalia, madirisha wazi kwa joto, matatu chini zinapiga honi. Maiki hakuna. Projekta imekufa tangu niko mwaka wa kwanza. Sasa fomu inauliza: je, mhadhiri anasikika? Je, anatumia teknolojia? Waliokaa nyuma wakaandika hasikiki. Kweli hasikiki! Lakini hakuna swali hata moja lililouliza kama tumeelewa somo.

Mimi nilifeli jaribio lake la kwanza. Karatasi ilirudi ina wino mwekundu mstari kwa mstari. Nikamfuata, akanikalisha mpaka adhuhuri, akanifundisha kwa bei za nyanya za soko la Kongowea kwa nini wastani peke yake unaweza kukudanganya. Na mtu huyo ndiye amehukumiwa kwa wastani wa fomu ambazo nusu ya darasa hawakuzirudisha.

Sikatai, umri una yake. Sauti hupungua, masikio hupungua, na kasi ya kushika jambo jipya hushuka. Lakini msamiati na maarifa aliyoyakusanya mtu hudumu, kwa wengi hadi miaka ya sitini na kuendelea. Mwaka 2009 serikali ilisogeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka 55 hadi 60. Watu walikuwa walewale, kilichobadilika ni karatasi. Marekani tangu 1994 chuo hakiwezi kumstaafisha profesa kwa lazima kwa kuwa ametimiza miaka fulani tu.

Tena msinielewe vibaya. Tunaye mzee mwingine anayetusomea daftari lililogeuka manjano, swali hataki. Huyo yupo, na hakuguswa. Waliosoma kwake zamani wasema hata akiwa na miaka 40 alikuwa hivyohivyo. Uvivu wake haukuja na mvi.

Badala ya mwalimu wetu tumeletewa kijana wa thelathini na kitu, mhadhiri wa muda. Wiki sita, amekuja mara mbili. Simlaumu, hajalipwa tangu muhula uanze na anafundisha vyuo viwili ili ale. Mtihani ukifika, hasara ni yetu.

Mara ya kwanza alipokuja, hakumaliza hata dakika kumi. Wa nyuma walipaza sauti: "Hatukusikii!"

Nyinyi wa vyuo vingine hapa Pwani, fomu zenu zauliza nini?