Vikundi vya wanafunzi katika programu ya heshima: vitadumu vipi waanzilishi wakiondoka?

Katibu_wa_Nyanza aliuliza:

Hamjambo ndugu na dada zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa magharibi mwa Kenya, nami naomba ushauri juu ya jambo ambalo limeninyima usingizi tangu semista hii ianze.

Miaka miwili iliyopita kitivo chetu kilianzisha programu ya heshima. Sizungumzii shahada ya heshima ya daraja la kwanza, ile ambayo sote tunajua hupewa anayepata asilimia 70 na zaidi. Huu ni mpango wa pekee, ulioigwa kutoka vyuo vya Marekani, ambamo wanafunzi wapatao arobaini hukutana kwa semina za ziada, hupangiwa mapema mhadhiri wa kuwaongoza katika utafiti, na hutarajiwa kuanzisha na kuendesha wenyewe shughuli za nje ya darasa. Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa.

Waliotutangulia walianzisha vikundi vitano kwa bidii kubwa: cha midahalo, cha usomaji wa vitabu, cha mazingira, cha kufundisha hisabati katika shule ya sekondari ya jirani siku za Jumamosi, na cha kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Leo ni hicho cha mapokezi pekee kinachofanya kazi. Viongozi karibu wote walikuwa wa mwaka wa tatu, na ulipofika mwezi wa Mei walitawanyika kwenda kufanya mafunzo ya kazini, huyu Eldoret, yule Nairobi, mwingine Mombasa. Waliporudi mwezi wa Septemba hakuna aliyekumbuka nywila ya barua pepe ya kikundi, hesabu za michango zilikuwa ndani ya simu ya mwekahazina ambayo ilikuwa imeibwa, na ile shule ya sekondari, baada ya wanafunzi wake kungoja darasani Jumamosi tatu mfululizo bila kuona mtu, ilitafuta watu wengine. Habari ya shule hiyo inaniuma kuliko hayo mengine yote, kwa sababu watoto wale hawakutukosea lolote.

Sasa nimechaguliwa kuwa katibu wa baraza la wanafunzi wa programu. Mhadhiri anayetusimamia anapendekeza kwamba kushiriki katika vikundi kuwe lazima na kutiwe alama. Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanataka pia tuwafungulie milango wanafunzi wasio wa programu, na wapo wanaoona kwamba tukifanya hivyo programu itapoteza maana yake. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kulea au kuendesha vikundi vya namna hii, hasa kuhusu namna ya kukabidhiana kazi.

MleziWaNjoro alijibu:

Katibu, pokea salamu kutoka Njoro. Nimekuwa mlezi wa klabu za wanafunzi kwa zaidi ya miaka kumi, na jambo la kwanza ninalotaka ulielewe ni kwamba vikundi vyenu havikuuawa na uvivu. Viliuawa na kalenda ya chuo, na kalenda hiyo inajulikana tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kifo cha vikundi hivyo kingeweza kuzuilika.

Tazama maisha ya mwanafunzi wa shahada ya miaka minne. Mwaka wa kwanza yuko mbioni kutafuta chumba cha hosteli, kungoja mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na kuzoea mihadhara. Mwaka wa nne ana mradi wa utafiti, na akili yake imeanza kuelekea kwenye kazi. Mwaka wa tatu, katika kozi nyingi, hukatwa katikati na mafunzo ya kazini au, kwa walimu, na mazoezi ya kufundisha. Anayebaki chuoni mwaka mzima, akiwa ameshazoea mazingira na bado ana nguvu, ni yule wa mwaka wa pili. Hata hivyo uongozi tunampa wa mwaka wa tatu, eti kwa kuwa amekomaa. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Fanyeni uchaguzi mwezi wa Februari au Machi, viongozi wapya wawe wanaoingia mwaka wa pili, na wale wanaotoka wakae nao bega kwa bega kwa wiki zote zinazobaki kabla ya Mei. Kukabidhiana kazi siku ya mwisho ya mitihani, huku kila mtu ameshika begi lake, si kukabidhiana.

Kuhusu kitu kinachokabidhiwa, naomba nisisitize daftari. Nunueni daftari moja gumu la kaunta kwa kila kikundi. Msijaze humo kumbukumbu za mikutano, maana hizo zina faili lake. Andikeni mambo ambayo kiongozi mpya hawezi kuyajua bila kuambiwa: nani huombwa ukumbi na barua ipelekwe siku ngapi kabla, mwalimu gani katika shule jirani hupokea simu na saa ngapi, gari lilikodiwa kwa bei gani mara ya mwisho, na ni jambo gani lilijaribiwa likashindikana. Daftari hilo likae kwa mlezi wakati wa likizo. Barua pepe nayo iwe ya kikundi, si ya mtu.

Sasa jiulize kwa nini kikundi cha mapokezi hakikufa, ilhali viongozi wake nao walikwenda mafunzoni. Ni kwa sababu kila mwaka wanafunzi wapya hufika na masanduku yao, mkiwa tayari au msipokuwa tayari. Kikundi hudumu pale ambapo kuna mtu wa nje anayekingoja kwa tarehe inayojulikana. Kikundi cha vitabu kilipokosa kukutana, nani aliulizia? Kipeni kila kikundi mtu wa kukingoja. Wanamidahalo wakubaliane na shule mbili au tatu kwamba kila muhula watakwenda kuamua midahalo yao, na mtaona jinsi watakavyojiandaa.

Nanyi mna vikundi vingi mno. Watu arobaini wakigawanywa mara tano ni wanane wanane. Ondoa waliokwenda mafunzoni na wenye mitihani, utabaki na watatu. Anzeni na viwili.

Suala la alama, mimi silikubali. Hapa Kenya tangu mwaka 1966 tumekuwa na mpango wa Tuzo ya Rais, unaowapokea vijana wa miaka 14 hadi 24, wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Kijana hutoa huduma kwa jamii, hujifunza ujuzi, hufanya mazoezi ya mwili na kwenda safari za nyikani, na shughuli zake huandikwa na kuthibitishwa. Hajiungi kwa kulazimishwa wala hashindanishwi na mwenzake; anapimwa kwa ahadi aliyojiwekea. Nimewaona wanafunzi wasiopenda kufungua vitabu wakijituma mno katika mpango huo. Andikeni mlichofanya, kithibitishwe, mpewe barua au cheti. Mkikigeuza kuwa alama, mtapata watu wa kutia saini rejista na kuondoka.

Komredi_Kakamega alijibu:

Mwalimu amesema mengi, nami naongeza mawili. Fedha zisiingie kwenye nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi hata kwa wiki moja. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mlezi, na mwekahazina asome hesabu mbele ya wanachama kila mwezi, hata kama ni shilingi mia nne.

La pili ni siasa. Sheria ya vyuo vikuu iliporekebishwa mwaka 2016, iliweka kwamba viongozi wa vyama vya wanafunzi wachaguliwe na wajumbe badala ya kupigiwa kura moja kwa moja na kila mwanafunzi, na chini ya utaratibu huo mtu anayetaka uongozi hutafuta makundi madogo yaliyopangika ili apate wajumbe humo. Nimeona klabu nzuri ya wapenzi wa sayansi ikivunjika kwa sababu hiyo. Wekeni katika katiba yenu kwamba afisa wa kikundi anayegombea kiti cha chama cha wanafunzi ajiuzulu kwanza.

BintiMulembe alijibu:

Katibu, mimi nimelelewa Kakamega na shahada yangu ya kwanza niliisomea Ohio, ambako nilikuwa katika programu ya heshima kwa miaka minne. Kwa kuwa mpango wenu umeigwa kutoka huko, huenda ikakufaa kujua kilichokuwa nyuma yake.

Mwanzo wake mara nyingi hutajwa kuwa mwaka 1922, wakati Frank Aydelotte, mkuu wa chuo cha Swarthmore katika jimbo la Pennsylvania, alipoanzisha masomo ya heshima kwa kufuata alichokiona alipokuwa mwanafunzi Oxford. Aliona kwamba mwanafunzi mwenye uwezo hapaswi kubebeshwa tu kazi nyingi zaidi ya wenzake. Apewe uhuru zaidi, na pamoja na uhuru huo awajibike kwa masomo yake. Nakuomba umkumbushe mhadhiri wenu jambo hili kwa heshima zote. Shughuli za wanafunzi zilikua katika udongo huo huo wa uhuru na uwajibikaji, na zikigeuzwa kuwa kazi nyingine ya darasani, kilichoigwa kitakuwa ganda bila kiini.

Hata hivyo sitasema kwamba huko hakukuwa na masharti. Katika chuo nilichosoma, kila mmoja wetu alitakiwa kutoa saa kadhaa za huduma kila mwaka, lakini alijichagulia mahali pa kuzitolea. Baraza la wanafunzi lilikuwa na bajeti iliyotokana na ada ya shughuli, na yeyote aliyetaka kuanzisha kikundi alifika mbele ya baraza akiwa na ukurasa mmoja na majina ya wenzake kumi. Kikundi kilisajiliwa kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, kilirudi kueleza kilichofanya au kilifungwa bila lawama. Utaratibu huo wa kufunga bila lawama naupenda sana, kwa sababu kikundi kinachoitwa hai wakati kimekufa huwavunja moyo hata wanaotaka kuanzisha kingine.

Kuhusu milango kufunguliwa, msimamo wangu uko wazi: semina na nafasi za utafiti ziwe za programu, lakini vikundi vya huduma viwe vya chuo kizima. Mtoto wa sekondari anayefundishwa logarithmu hajali kama mwalimu wake ana wastani gani. Tena, kwa hesabu ya Mwalimu Mlezi, nanyi mnahitaji watu. Niliona huko Ohio jinsi kundi lililojifungia lilivyoanza kuonekana kama linajikweza, na ilituchukua muda mrefu kuondoa picha hiyo.

Kuna shughuli moja ambayo ningependa muijaribu, kwa sababu haihitaji fedha nyingi. Inaitwa Jiji kama Matini (kwa Kiingereza City as Text), yaani kuusoma mji kama mtu asomavyo kitabu, na ilianzishwa na Bernice Braid wa Long Island University, kisha ikaenezwa na baraza la kitaifa la programu za heshima la Marekani, ambalo lenyewe liliundwa mwaka 1966, mwaka ule ule wa Tuzo ya Rais aliyoitaja Mwalimu. Wanafunzi hugawanyika vikundi vya watu watatu au wanne, hupelekwa sehemu ya mji wasiyoijua, na kazi yao ni kuchora ramani ya mahali hapo, kutazama, kusikiliza na kutafakari. Jioni hukutana na kila kikundi hueleza kilichoona.

Mwaka jana nilifanya hivyo mjini Kisumu na vijana kumi na wawili. Watatu walikwenda soko la Kibuye, watatu soko la Jubilee, watatu eneo la bandari na reli ile iliyofika ziwani mwaka 1901, na watatu Dunga. Wale wa Dunga walikwenda wakidhani wataandika habari za samaki, lakini walirudi na maswali kuhusu magugu maji: nani huyaondoa, mashua hupita wapi yanapoziba njia, na akina mama wanaongoja samaki ufuoni hufanya nini siku hiyo. Hatukuwapangia maswali hayo, na wawili kati yao sasa wanayafanyia utafiti wao wa mwaka wa nne. Kikundi chenu cha mazingira kingeweza kuzaliwa upya kwa njia hiyo badala ya kuanza na mkutano wa kuchagua mwenyekiti.

Katibu_wa_Nyanza aliandika:

Mwalimu, Komredi na dada BintiMulembe, asanteni sana. Nimechapisha majibu yenu na kuyasoma katika kikao cha baraza jana jioni. Tumekubaliana kubaki na vikundi viwili, kile cha mapokezi na kile cha kufundisha hisabati, na cha pili kitakuwa wazi kwa mwanafunzi yeyote wa chuo. Uchaguzi utakuwa mwezi wa Machi. Msimamizi wetu amekubali kuachana na alama kwa mwaka mmoja ili aone, mradi kila mmoja wetu ajiandikishe katika kikundi kimoja na kuthibitisha kazi yake. Ile safari ya kuusoma mji tutaifanya likizo fupi itakapofika.

Ninabaki na swali moja. Ile shule tuliyoiacha imepata watu wengine, na mwalimu mkuu hajajibu barua yetu ya kuomba kurudi. Je, tutafute shule nyingine?

MleziWaNjoro alijibu:

Hapana, mwanangu, msiende kwingine kabla ya kurudi pale. Na barua haitoshi. Nendeni wawili, pamoja na msimamizi wenu, siku ya kazi, baada ya kupiga simu kwa karani wa shule kuuliza saa ambayo mwalimu mkuu ana nafasi. Ombeni radhi kwa zile Jumamosi tatu kabla ya kutaja jambo lolote lingine, na msimtupie lawama kiongozi aliyekuwa mafunzoni. Kisha muulizeni kama kuna kidato au mada ambayo hao wengine hawaifikii. Akiwapa nafasi, msimwahidi mwaka mzima. Mwahidini Jumamosi sita zenye tarehe, zote zikiwa kabla ya mwezi wa Mei, na mwacheni na majina ya watakaokuja kila siku pamoja na wa akiba wao. Akikataa, mshukuruni na kumwachia nambari ya simu ya msimamizi, kisha mtafute shule nyingine.