Baba anasahau sana, naweza kumjibia maswali ya daktari?

Mwana wa Ihumwa: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi siupati. Mzee wangu ana miaka 74, tupo Dodoma. Tangu mwaka jana kumbukumbu inayumba. Anauliza jambo, unamjibu, chai haijapoa anauliza tena. Vibarua wa shamba la zabibu kawalipa mara mbili. Namba ya siri ya simu imempotea, hadi wakala amsaidie. Kila siku anatafuta hati ya kiwanja, anadai imeibwa. Nimepata yale maswali manane ya kupima usahaulifu ambayo ndugu humjibia mgonjwa, nimejaza, "ndiyo" ziko saba. Nikiyapeleka hospitali bila mzee, daktari anaweza kuandika kwamba ana ugonjwa wa kusahau?

Kijana wa Nkuhungu: Nimewahi siti ya mbele.

Mgogo Halisi: Mbukwa! Miaka 74 kusahau ni uzee tu. Babu yangu wa Bahi alichanganya majina ya wajukuu wote, ila mbuzi wake hakumsahau hata mmoja. Mpeni mlenda, apumzike.

Nesi Mstaafu: Mgogo, usimpotoshe mwenzio. Jina likikutoka asubuhi likarudi jioni, huo ni uzee. Mtu aliyeshika hesabu za vibarua kichwani akianza kulipa mara mbili, kuna kitu kimebadilika, na hicho ndicho kinachotafutwa. Maswali hayo yalitungwa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, yakatoka 2005. Mzee unamlinganisha na yeye mwenyewe wa miaka ya nyuma, jirani hahusiki. "Ndiyo" mbili zinatosha kusema apimwe. Nasema apimwe, sijasema anaumwa. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, pombe, hata dawa anazokunywa, vyote huleta usahaulifu, na vingi vinatibika. Cheti cha mtu asiyeonwa hakuna daktari wa maana atakayekiandika. Halafu anayejibu awe anamwona kila siku. Unaishi naye?

Mwana wa Ihumwa: Naenda mara kwa mara. Kikazi nipo Singida. Anaishi na mama mdogo.

Binti Kongwa: Mama yangu alianguka bafuni, akanyamaza. Baadaye akaanza kuchanganya majina, miguu mizito. Shangazi akasema karogwa, mbuzi wawili wakaenda kwa mganga. Picha ya kichwa ikaonyesha damu imevilia juu ya ubongo. Ikatolewa, leo ananisema kuliko zamani. Mganga tukikutana mnadani anajifanya hanijui.

Kijana wa Nkuhungu: Mama mdogo ana miaka mingapi? Tuanzie hapo.

Nesi Mstaafu: Kwa nini hakujaza yeye?

Mwana wa Ihumwa: Kwa sababu ndiye anayemshawishi mzee auze kiwanja. Bei za Ihumwa tangu serikali ihamie Mtumba mnazijua. Nikipata karatasi ya daktari, nazuia. Sioni ubaya wowote, hata hati nimeichukua naitunza mpaka mambo yatulie.

Shahidi wa Mtaa: Subiri kwanza. Mzee anasema hati imeibwa. Hati unayo wewe. Na hiyo umeiweka kwenye dalili?

Kijana wa Nkuhungu: 😂😂 Kesi imeisha.

Shahidi wa Mtaa: Tena umeanza na "tupo Dodoma", mara uko Singida. Hayo ya kuuliza mara mbili umeyaona lini? Hii ni chai. Nahisi hata mzee mwenyewe hayupo.

Mwana wa Ihumwa: Situngi hadithi. La kurudia maswali kanisimulia mama mdogo. Vibarua nilikuwepo, na wakala alinipigia mwenyewe.

Binti Kongwa: Yaani shahidi wako ni huyo huyo usiyemwamini!

Nesi Mstaafu: Vibarua na namba ya siri, mbili tayari. Mzee apelekwe, kiwanja kiwepo kisiwepo. Anzeni hospitali za hapo Dodoma, General au Mkapa, hata Mirembe ya magonjwa ya akili wataalamu wapo. Mama mdogo ajibu kivyake, nawe kivyako, daktari alinganishe. Ila akivurugika ghafla ndani ya siku chache msisubiri miadi, huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo.

Mgogo Halisi: Mirembe tena? Mtaa mzima utasema mzee kapata wazimu.

Mwana wa Ihumwa: Sawa, nitampeleka, na mama mdogo atakuja. Hati sirudishi, hilo nimeshaamua.

Shahidi wa Mtaa: Daktari akiuliza kama mzee husingizia watu wizi, utajibu nini?

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu, kiwanja chenyewe kiko Ihumwa sehemu gani? Naulizia tu.